Jiwe Moja, Mitihani Minne: Upi Umpime Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili?

Chukua jiwe. Lisiwe kubwa, liweze kuingia kwenye silinda ya kupimia bila kukwama. Langu lina gramu 54, nililiokota nyuma ya maabara siku mafundi walipokuwa wakimwaga kokoto. Ukitaka kumwuliza mwanafunzi densiti ya jiwe hilo, yaani tungamo lake gawanya kwa ujazo wake, una njia nne. Unaweza kumpa swali la kuchagua. Unaweza kumpa karatasi inayomsimulia jaribio lililofanywa na mtu mwingine. Unaweza kumkalisha maabara na vifaa vyote mpaka amalize. Au unampitisha kwenye meza ya jiwe kwa dakika tano, kisha anahamia meza nyingine. Jiwe ni lilelile na jibu ni lilelile, ila anayeongoza darasa habaki yuleyule. Nimewahi kulipima darasa moja kwa njia zote nne ndani ya muhula mmoja, na binti aliyeshika nafasi ya tatu kwenye maswali ya kuchagua alikuwa wa arobaini na kitu kwenye meza.

Kwa hiyo ulinganisho huu nauandika kwa mwalimu mwenzangu anayepanga jaribio la mwezi au mtihani wa muhula wa sayansi kwa vidato vya chini, mwenye wanafunzi 60 au zaidi, maabara moja inayogombewa na masomo matatu, na jioni chache za kusahihisha. Mwenye darasa la wanafunzi 20 na mtunza maabara wa kudumu naye asome, ila shida zake ni nyingine.

Swali la kuchagua

Hili ndilo tunalolipenda kwa sababu linasahihishika. Ukitoboa kadi ngumu mahali pa majibu sahihi na kuiweka juu ya karatasi, maswali kumi ya mwanafunzi mmoja hayakuchukui zaidi ya nusu dakika. Lawama kwamba linampa mwanafunzi nafasi ya kubahatisha ni ya kweli, lakini si kubwa kama inavyosemwa: kwenye maswali kumi yenye machaguo matano kila moja, anayefumba macho na kuchora duara atapata wastani wa mawili. Mbili kwa kumi haimpeleki mtu popote.

Ubovu wake uko kwenye vipotoshi, yaani yale machaguo yasiyo sahihi. Walimu wengi hutunga jibu sahihi, kisha wanajaza nafasi nne zilizobaki kwa namba zozote zinazokuja kichwani. Swali la namna hiyo halikuambii kitu mwanafunzi anapokosa. Linganisha na hili:

Maji kwenye silinda yalisoma sentimita za ujazo 40. Jiwe la gramu 54 lilipotiwa na kuzama, maji yakasoma 60. Densiti ya jiwe, kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, ni:
A. 0.37  B. 0.9  C. 1.35  D. 2.7  E. 1080

Jibu ni D. Aliyechagua A amegawanya kinyume, ujazo kwa tungamo. B amegawanya kwa 60, maana yake anadhani usomaji wa mwisho ndio ujazo wa jiwe. C amegawanya kwa 40, yaani ujazo wa maji kabla jiwe halijaingia. E amezidisha. Ukimaliza kusahihisha unajua kesho ufundishe nini na umfundishe nani. Na aliyechagua B ana kosa la pili ambalo ni zito kuliko la kwanza: kitu chenye densiti ya 0.9 kinaelea majini, na swali limeshamwambia kwamba jiwe lilizama. Hakusimama kujiuliza.

Kuna jambo moja ambalo swali la kuchagua hulifanya vizuri kuliko hata maabara. Uliza hivi: jiwe hilo likipasuliwa vipande viwili vilivyo sawa, densiti ya kila kipande itakuwa nusu, mara mbili, au ileile? Wengi watakuambia nusu, wakiwemo waliopima jiwe wenyewe wiki iliyopita na kupata 2.7 safi kabisa. Mkono ulifanya kazi, wazo halikuingia. Kwa kukamata mawazo ya namna hii, sentensi moja yenye machaguo matatu inatosha.

Lisichoweza ni kukuambia kama mwanafunzi amewahi kushika silinda. Kijana mmoja aliyepata kumi kwa kumi kwenye maswali yangu ya densiti alipofika maabara alilidondosha jiwe kutoka juu kama anayetupa kokoto kisimani. Kitako cha silinda ya kioo kikang'oka, maji yakamwagika mpaka kwenye daftari la jirani yake. Hakuna swali langu hata moja lililokuwa limemwuliza kama anajua kuinamisha silinda na kuliteremsha jiwe taratibu. Na kosa lilikuwa langu vilevile, kwani nilimfundisha kwa chaki.

Karatasi inayosimulia jaribio

Bodi ya Cambridge, kwenye mitihani yake ya kimataifa ya sekondari iitwayo IGCSE ya fizikia, kemia na baiolojia, huiachia shule ichague: wanafunzi wafanye Karatasi ya 5, ambayo ni jaribio la kushika vifaa, au Karatasi ya 6, ambayo ni mbadala wa jaribio kwa maandishi. Zote zina alama 40 na zote zinabeba asilimia 20 ya matokeo. Kwa hiyo wazo la kupima majaribio kwa kalamu si la watu wavivu, na linaheshimika likitungwa vizuri.

Likitungwa vizuri, narudia. Sehemu kubwa ya mbadala unaotungwa shuleni ni kukariri kulikovaa koti jeupe: "Taja vifaa vitano vinavyotumika kupima densiti ya jiwe." Hilo ni swali la kumbukumbu, na lingekaa kwenye karatasi yoyote. Karatasi ya jaribio yenye akili inampa mwanafunzi kazi ambayo mwanasayansi huifanya baada ya kunawa mikono. Mpe mawe manne ya mwamba mmoja: gramu 27 kwa sentimita za ujazo 10, gramu 54 kwa 20, gramu 81 kwa 30, gramu 108 kwa 44. Mwambie achore grafu, ataje kipimo anachokitilia shaka, na aeleze kilichoweza kumpotosha mpimaji. Mwanafunzi mzuri ataona kwamba cha mwisho kinatoka nje ya mstari, kwamba 40 ndiyo iliyotarajiwa, na kwamba huenda mpimaji alisoma jicho likiwa juu ya usawa wa maji. Kisha mwulize: kipande cha mshumaa kinaelea, utapimaje ujazo wake? Hapo utaona darasa linanyamaza. Anayesema "nitakifunga pamoja na jiwe ili kizame, halafu nitoe ujazo wa jiwe" amekupa jibu ambalo hakuna daftari lililomwandikia, ilimradi nawe hukulitoa darasani.

Kupanga jaribio, kuchora grafu, kushuku kipimo: haya yote yanahitaji utulivu, na utulivu hupatikana kwenye dawati zaidi kuliko kwenye maabara yenye watu 40 wanaogombea mizani moja.

Ila kuna sharti ambalo si la kupuuza. Karatasi hii inampima yule tu aliyewahi kushika. Kwa asiyewahi, kila neno ni hadithi, naye atajibu kama anavyojibu maswali ya fasihi. Mwenye kaka aliyemaliza Kidato cha Nne na mwenye vitabu vya mitihani iliyopita nyumbani atapata alama nyingi bila kulowesha kidole. Ndiyo maana sipendi karatasi hii iwe kipimo pekee, hata pale shule inapokuwa haina maabara. Bora jiwe na chupa ya maji iliyokatwa kuliko mchoro wa silinda.

Hapa nina kinyongo kidogo. Kwa miaka yote niliyofundisha, upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili umekuwa wa kalamu na karatasi. Kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, fizikia, kemia na baiolojia kila moja ina karatasi ya nadharia ya alama 100 na ya vitendo ya alama 50 inayofanywa kwa saa mbili na nusu. Mwalimu mwenye vipindi vichache anasoma alama za nyakati: maabara itasubiri Kidato cha Tatu. Kidato cha Tatu kikifika, mwanafunzi ana miaka miwili ya kujifunza kusoma bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, huku silabasi ikimkimbiza.

Jaribio kamili maabara

Hili ndilo sura halisi ya kazi. Mwanafunzi peke yake, vifaa vyake, karatasi ya maelekezo, na muda wa kukosea na kurudia. Hakuna njia nyingine inayokuonyesha kama atapima mara tatu na kutafuta wastani bila kuambiwa, au kama atapindisha namba ili zimpendeze mwalimu.

Lakini piga hesabu. Ukiwa na seti 8 za vifaa na wanafunzi 64, una raundi 8. Kila raundi ikichukua vipindi viwili vya dakika 40, umetumia dakika 640, zaidi ya saa kumi za maabara kwa jaribio moja la somo moja. Kwa hiyo tunafanya kile ambacho kila mmoja wetu amekifanya: tunawagawa makundi ya watu wanane. Mmoja anapima, wawili wanaandika, watano wanapiga soga, na alama ya kundi inaandikwa kwa majina manane. Kama somo ni zuri sana. Kama mtihani ni udanganyifu ambao tumeubariki wenyewe.

Lina ugonjwa mwingine ambao haumalizwi na kuongeza vifaa, nao ni kutabirika. Kwenye mtihani wa taifa, shule hupokea maelekezo ya matayarisho saa 24 kabla, kwa sababu vitendanishi na sampuli haviwezi kutayarishwa papo hapo kwa miujiza. Wanafunzi nao wana macho. Viazi mviringo vikionekana vinaingia maabara, bweni zima linalala na osmosisi, lile jaribio la maji kupenya kwenye kiazi. Na majaribio yenyewe hayazidi dazeni moja au mbili, yote yana jedwali lake la hatua, uchunguzi na hitimisho, ambalo linakaririwa kama shairi. Mtu anaweza kupata alama nzuri za vitendo akiwa amefumba macho, mradi mikono isogee.

Nilithibitisha hili kwa iodini. Nikaweka vikombe vitatu: A maji ya wali, B maji ya sukari, C maji yaliyochanganywa na maziwa kidogo. Iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu-nyeusi, kila mmoja anajua. Maziwa hayana wanga, lakini ni meupe, na weupe huo unamwambia mwanafunzi kitu ambacho macho yake hayajaona. Wengi, zaidi ya nilivyotaka kuhesabu, waliandika kwamba C iligeuka bluu-nyeusi. Kikombe kiko mbele yao, na rangi ni ya kahawia-njano ya iodini yenyewe. Kijana mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu, iodini hii imeharibika."

"Umejuaje?"

"Haibadiliki."

"Kwenye A ilibadilika?"

"Ilibadilika, mwalimu."

"Sasa imeharibikaje?"

Akakitazama kikombe tena. "Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Si nitakosa, mwalimu?"

Sikupaswa kuzungumza naye katikati ya mtihani, najua. Lakini swali lake la mwisho lilinifundisha kuliko karatasi zote 64. Tangu siku hiyo, kila ninapotunga mtihani wa vitendo naweka walau kituo kimoja ambacho matokeo yake si yale ya kwenye daftari. Huo mstari mmoja hunipa habari zaidi kuliko kurasa mbili za ripoti iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Vituo

Njia ya nne si ngeni. Mwaka 1995, utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi uitwao TIMSS uliweka upimaji wa vitendo kwa darasa la nne na la nane katika baadhi ya nchi zilizoshiriki: kazi 12 zikapangwa kwenye vituo, wanafunzi wakazunguka. Vifaa vyake vingi vilikuwa vya dukani tu. Kulikuwa na kazi ya mapigo ya moyo, ya sumaku, ya vivuli, ya mpira wa kuvutika, na moja niipendayo ya betri: mwanafunzi anapewa betri nne zisizo na alama na tochi, atambue zipi nzima na zipi zimekwisha. Hebu fikiri: betri mbovu, ambazo kila nyumba inazo, zimekuwa kifaa cha mtihani.

Mimi napanga meza nane, dakika tano kila meza pamoja na muda wa kuhama. Nane mara tano ni arobaini, kipindi kimoja kamili. Nikipanga safu mbili zinazofanana, wanafunzi 16 wanamaliza kwa kipindi, na 64 kwa vipindi vinne. Wanaosubiri wako darasani wakifanya maswali ya kuchagua chini ya mwalimu mwenzangu ambaye namlipa kwa chai na chapati.

Meza si lazima zote ziwe na vifaa. Zangu tano ni za kushika. Ya kwanza ni ya jiwe. Ya pili ni ya betri nne na globu. Ya tatu, ahesabu mapigo yake ya moyo kwa nusu dakika akiwa amekaa, kisha baada ya kuruka mara ishirini, na aeleze tofauti. Ya nne ni ya iodini na vikombe vyake. Ya tano ni ya litmasi, karatasi ya kutambua asidi na besi kwa rangi, na vimiminika vitatu visivyo na majina, ambavyo ni maji ya limau, maji ya majivu na maji ya chumvi. Meza tatu zilizobaki ni za kalamu: picha za kipimajoto na silinda azisome, ile grafu ya mawe manne, na swali la mshumaa. Kwa mpangilio huu kile kizuri cha karatasi ya mbadala nakipata humohumo. Moto siweki kabisa. Taa ya spiriti, wanafunzi 16 na haraka ya kengele havikai chumba kimoja.

Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba vituo havivuji. Aliyetoka hawezi kumwambia anayeingia jibu, kwa sababu kila raundi nabadilisha mawe na kuhamisha herufi za vikombe. "Jibu ni 20" halimsaidii mwenye jiwe la gramu 35. Aliyetaka kukopi atakopi densiti, na mawe yangu hayakutoka mlima mmoja.

Hasara zipo. Dakika tano ni chache kwa mwanafunzi mwenye mikono mizito, na wapo wanaojua ila wanahitaji dakika nane. Hao nimewaonea, na siku zote nina watatu wanne ninaowarudisha mchana. Kituo kimoja kikimwaga maji, kinachofuata kinachelewa. Asiyetofautisha rangi vizuri atapata tabu kwenye litmasi na iodini, na mwalimu asipouliza mapema atamwandikia sifuri mtu ambaye macho yake hayakumpa nafasi. Na hakuna kituo cha dakika tano kitakachokuonyesha uvumilivu wa kurudia kipimo mara tatu. Hicho kinabaki kwenye jaribio kamili.

Vifaa je? Silinda ya kioo nimeacha kuitegemea. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa tundu karibu na mdomo mpya kwa msumari wa moto, chomeka kipande cha mrija na uzibe kwa gundi. Jaza maji mpaka yaache kutiririka, teremsha jiwe kwa uzi, maji yanayotoka yakinge kwenye kikombe, kisha yavute kwa bomba la sindano jipya la famasi lisilo na sindano. Bomba la mililita 20 lina mistari inayosomeka kuliko silinda nyingi kongwe nilizozikuta maabara. Tungamo la kila jiwe nalipima mwenyewe kabla ya mtihani kwa mizani ya kidijiti ya dukani na kuliandika kwenye jiwe lenyewe, kwa sababu mizani ndiyo inayosababisha foleni.

Muda, kwa mkono wangu

Hizi ni hesabu zangu kwa darasa la wanafunzi 64. Zako zitatofautiana, lakini uwiano hautakuwa mbali.

| Njia | Kutayarisha | Kufanyika | Kusahihisha |
|---|---|---|---|
| Kuchagua, maswali 10 | jioni mbili | dakika 20 | nusu saa |
| Karatasi ya mbadala | jioni moja | dakika 40 | saa 5 na zaidi |
| Jaribio kamili, seti 8 | siku nzima | raundi 8 za dakika 80 | saa 8 na nusu |
| Vituo 8, safu mbili | jioni moja na asubuhi yake | vipindi 4 | saa 3 |

Utashangaa kuona swali la kuchagua linakula jioni mbili. Ndivyo ilivyo ukitunga vipotoshi kwa haki. Ukimaliza kwa nusu saa, basi umeyatoa kwenye mitihani ya zamani, na wanafunzi wako wameshayafanya kwenye "solvingi" za Jumamosi.

Lugha

Jambo hili halimo kwenye jedwali, nalo linabadilisha matokeo kuliko yote. Wanafunzi wetu wengi wa Tanzania wanatoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili na kuingia Kidato cha Kwanza ambako sayansi inafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza. Karatasi ya mbadala ndiyo inayowaumiza zaidi, kwa sababu ina maelezo marefu kabla ya swali. Jaribio kamili linafuata, kwa ajili ya ripoti yake. Swali la kuchagua lina nafuu, mradi shina lake liwe fupi. Vituo ndivyo vinavyosamehe kuliko vyote: maelekezo ni sentensi mbili na mchoro, majibu ni namba, alama ya vema au neno moja.

Yule binti niliyemtaja mwanzoni, wa tatu kwenye kuchagua na wa arobaini na kitu mezani, alitoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Aliyeongoza kwenye meza alikuwa kijana ambaye kwenye karatasi ya mbadala aliacha maswali yote ya kueleza bila kuandika neno. Nilimwona kwa macho yangu akishusha jicho mpaka usawa wa maji kabla ya kusoma. Ningekuwa na karatasi moja tu ningeapa kwamba hajui kitu.

Sasa uchague nini

Kama ni jaribio la wiki au la mwezi na unataka kujua wazo gani halijaingia, chukua maswali ya kuchagua, yasizidi kumi, kila kipotoshi kiwe na jina la kosa lake. Usiongeze kingine.

Kama ni mtihani wa muhula wa Kidato cha Kwanza au cha Pili, ningechukua vituo bila kusita, na nusu ya alama nibaki nazo kwenye karatasi ya kuchagua na maswali mafupi. Hata darasa likiwa la 90. Ongeza safu ya tatu ya meza, mawe hayauzwi.

Karatasi ya mbadala itumie baada ya wanafunzi kulifanya jaribio lenyewe, si badala yake. Inafaa zaidi Kidato cha Pili mwishoni, wanapoanza kuelewa grafu na kupanga jaribio lao wenyewe.

Jaribio kamili la mtu mmoja mmoja lihifadhi kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, kwa sababu mtihani wa taifa utawadai. Kwa wadogo, fanya mara moja kwa mwaka ikiwa una seti za kutosha. Kama huna, liwe somo la makundi na usiliandikie alama.

Wenzetu wa Kenya, kwenye madarasa ya 7 hadi 9 ambako sayansi ni somo moja la pamoja, wana njia ya tano: mwalimu anakusanya alama za kazi alizozisimamia shuleni kwa kufuata ngazi za viwango, na tathmini hizo za darasa la 7 na la 8 zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA, mtihani wa kumaliza darasa la 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Asilimia 20 nyingine inatoka kwenye upimaji wa darasa la 6, na 60 kwenye mtihani wenyewe. Naipenda kwa kuwa mkono wa mwalimu unahesabika. Wasiwasi wangu ni kwenye miradi ya kupeleka nyumbani, maana baba mwenye misumari na muda atapata alama nzuri sana za darasa la 7. Kazi ifanyike mbele ya mwalimu, hata kama ni ndogo.

Ukiamua kujaribu vituo, anza na mawe. Ishirini yanatosha, ya aina mbili tatu, yenye namba zilizoandikwa kwa rangi ya kucha, kwa kuwa wino wa kawaida hufutika majini. Yangu yanakaa kwenye kopo la rangi chini ya sinki. Siku hizi kila kabla ya mtihani nayapima upya moja baada ya jingine. Tabia hiyo ilianza mwaka jana, nilipogundua jiwe namba 7 limepungukiwa na gramu mbili kwa kudondoshwa, na wote waliolipima nilikuwa nimewakosesha kwa namba ambayo wao walikuwa wameipata.